Mlio wa Fedha kwa Harufu ya Kitoweo: Bahili katika Kichekesho cha Picha

Miongoni mwa hekaya za Abunuwasi zilizoenea Afrika ya Mashariki, ile ya bahili na harufu ya chakula ndiyo iliyo karibu zaidi na kichekesho cha ukurasa mmoja wa katuni. Maskini anakula ugali mkavu kando ya jiko la tajiri, akitowelea harufu ya nyama. Tajiri anamdai bei ya harufu hiyo. Abunuwasi anagonganisha sarafu, kisha anahukumu: aliyeuza harufu amekwisha kulipwa mlio. Kisa hiki si cha Waswahili peke yao. Waturuki humsimulia Nasreddin Hodja vivyo hivyo, na Rabelais wa Ufaransa alikitia katika kitabu chake mwaka 1546.

Jambo la kuhakikiwa hapa ni fani. Kichekesho kimejengwa juu ya vitu viwili visivyoonekana: harufu na sauti. Harufu ina alama yake katika katuni, yaani mistari inayopindapinda kutoka chunguni, nayo haihitaji lugha. Sauti haina budi kuandikwa. Hapo ndipo inapoanguka hoja ya wanaodai kwamba katuni ni picha tu. Kilele chote cha kisa kimo katika neno moja kando ya mkono wa Abunuwasi. Mchoraji anayenakili mlio huo kutoka katuni za Ulaya au Marekani humwachia msomaji herufi zisizolia.

Swali hili si nadharia tupu, kwani Gado alikwisha kumtia Abunuwasi katika kitabu cha picha kilichochapishwa na Sasa Sema, Nairobi, mwaka 1996. Hekaya kama hii ikihamishwa kutoka Baghdadi hadi Port Victoria, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, nyama itakuwa samaki wa kukaanga, na mandhari hayatakuwa mageni kwa msomaji. Lugha ndiyo itakayojaribiwa. Kwa wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili, baada ya Kinyala, Kisamia au Kijaluo. Nahau ya pwani kama "mkono wa birika" yaweza kuhitaji maelezo, na kichekesho kinachoelezwa kimekwisha kufa. Tanakali ni kinyume chake. Asikiaye "chubwi" hujua kuna kitu kilichotumbukia majini, kwani lugha yake ya nyumbani nayo ina tanakali zake. Aidha, mpaka wa Busia ungeongeza kichekesho: bahili wa hapo angeuliza kwanza kama ni mlio wa shilingi ya Kenya au wa Uganda.

Kwa upande wa maudhui, hekaya ina upungufu ambao aghalabu hufunikwa na kicheko. Bahili hataki kuuza samaki tu, anataka kutoza hata hewa inayopita juu ya kikaango chake. Huo ni unyonyaji uliofikishwa ukomo. Hata hivyo, hukumu ya Abunuwasi inamwachia tajiri chakula chake chote. Sarafu zinarudi mfukoni, naye maskini anarudi kwenye ugali ule ule. Picha ya mwisho, ikichorwa kwa uaminifu, haina budi kuonyesha sahani hiyo. Kicheko kimeshinda kesi, kitoweo hakikuongezeka.