Farasi wa Géricault: kweli ao uwongo?

Katika mwaka 1821 muchoraji Mufaransa Théodore Géricault alichora mashindano ya farasi ya Epsom, inchi ya Uingereza. Sanamu ile inatunzwa Louvre, kule Paris. Farasi wane wanakimbia karibu-karibu chini ya mawingu meusi. Nani atashinda, muchoraji hasemi. Miguu yao imenyoshwa mbele na nyuma, kama vile wanaruka hewani.

Mwaka 1878, kule California, Muybridge alipiga picha za farasi akikimbia. Zikaonyesha kwamba farasi anaacha udongo wakati miguu inapokunjwa chini ya tumbo, si inaponyoshwa. Basi wengine walisema: Géricault amedanganya. Rodin akamutetea.

Sisi tuseme nini? Tuangalie kwanza picha ya mwisho wa mbio, kama ile iliyoamua Derby ya mwaka 1949, Nimbus aliposhinda Amour Drake kwa kichwa tu. Mashine ya namna ile inatazama mustari peke yake, kwa tundu jembamba. Kila farasi anaandikwa anapoufikia. Kwa hiyo picha ile si nukta moja ya wakati, ni nukta nyingi zilizoungwa, na miguu pengine inapotoka. Lakini mwamuzi anauliza tu nani ametangulia, nayo inamujibu kweli.

Vivyo hivyo Géricault. Tumuulize mwendo, na wasiwasi wa mbio zisizokwisha: hapo hasemi uwongo. Kosa lake ni lingine: farasi wote wane wana mukao mumoja, hakuna anayechoka. Ndugu wasomaji, mwenye kuhukumu sanamu atafute kwanza ulizo linaloifaa.