Dume Lisikatwe

Anayelima bangi kwa ajili ya maua huyawinda madume. Mmea huu una jinsia mbili, kila moja kwenye shina lake, na mkulima huyo hupita shambani asubuhi akichungulia vifundo vya shina. Akiona vijifuko vya mviringo vinaning'inia pale ambapo jike lingetoa nyuzi mbili nyeupe, anang'oa papo hapo. Dume moja tu likifumbuka, majike yaliyo karibu yatashika mimba, na jike lenye mimba nguvu zake huzipeleka kwenye mbegu badala ya utomvu. Sokoni hiyo ni hasara tupu.

Mtunza mbegu analitazama shamba hilohilo kwa jicho jingine. Yeye anayataka madume, tena mengi: marefu na mafupi, yaliyowahi na yaliyochelewa, hata lile jembamba ambalo mwenzake angelidharau. Kwa hiyo naiheshimu kazi yake kuliko kazi nyingine yoyote inayofanywa juu ya mmea huu. Msingi wake ni kujizuia.

Sizungumzii mashamba ya kwetu. Kenya na Tanzania sheria inaukataza mmea huu. Nazungumzia milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko, hasa upande wa Ketama, ambako bangi imelimwa kwa vizazi vingi kwenye miteremko yenye udongo mwembamba. Mbegu ya huko wenyewe huiita beldia, yaani ya nyumbani. Humwagwa shambani baridi inapokwisha, ikanyweshwa na mvua za majira ya kuchipua, na kuvunwa wakati wa kiangazi. Haidai mfereji wala pampu. Wazee wa huko hawakuipata beldia dukani. Kila mavuno walitenga mbegu, na mwaka uliofuata wakazirudisha katika udongo uleule, ukame uleule na jua lilelile, hadi mmea ukaufahamu mlima.

Watu husema mbegu ya asili kana kwamba ni kitu kimoja kilichokamilika. Ukiingia kwenye shamba la beldia huoni mimea miwili inayofanana sawasawa. Mmoja una matawi mengi, mwingine umesimama kama mkuki, mwingine umetangulia kuchanua wakati jirani yake bado anarefuka. Mvua zikikatika mapema, waliotangulia ndio huokoa mwaka. Zikiendelea, waliochelewa hupata zamu yao. Uwezo wa mbegu hiyo umo katika tofauti hizo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu mkono wa mkulima unapenda kuchagua. Unakiona kichwa kimoja kinachonukia kuliko vyote, moyo unakuambia uchukue mbegu zake peke yake. Ukifanya hivyo mwaka huu na mwaka ujao, utakuwa umepata mche unaoupenda na umepoteza shamba. Bangi imezoea kuzaa na wageni. Ukiifungia katika ukoo mdogo hudhoofika: kimo hupungua, mbegu huwa hafifu, maradhi hupenya.

Basi mtunza mbegu mzuri huacha makumi ya madume na makumi ya majike yazae. Anang'oa wachache tu: wenye ukungu, walioshambuliwa na ugonjwa, na huntha, yaani shina lililobeba jinsia zote mbili, maana tabia hiyo ikienea humtesa kila atakayelima baada yake. Wengine wote anawaacha, hata wale asiowapenda. Wakati wa kuvuna huchukua kiasi kidogo kwa kila jike, kisha huchanganya, ili jike lenye mbegu nyingi lisije likalimeza shamba lote.

Dume likishamaliza kumwaga chavua hunyauka na kufa, likiliacha jike na wiki kadhaa za kukomaza mbegu. Usikimbilie kuvuna. Mbegu changa ni nyeupe au kijani, laini, haina faida. Iliyokomaa ni ya kijivu au kahawia, ina michirizi, na ukiibana kwa kidole gumba haipasuki. Ndege huijua siku hiyo kabla ya mwenye shamba, kwa hiyo wiki ya mwisho ni ya kuamia. Baadaye hukaushwa kivulini, hupurwa, hupepetwa, na kuwekwa mahali pakavu, pa baridi na penye giza. Joto na unyevu huiua mbegu kimyakimya. Hutajua hadi siku ya kupanda.

Adui mkubwa kuliko wote hana mikono. Chavua ya bangi ni nyepesi mno. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakipima hewa ya Málaga, kusini mwa Uhispania, walinasa chavua iliyovuka bahari ya Mediterania kutoka mashamba ya Moroko. Ikiwa bahari haikuizuia, ua wa miiba kati ya majirani wawili utaizuiaje? Na majirani wa Rif wamebadilika. Mbegu chotara kutoka Ulaya zimeingia kwa nguvu kwa sababu hutoa utomvu mwingi zaidi, lakini zinahitaji maji mengi katika milima ambayo visima vyake vinakauka. Dume moja la chotara bondeni linaweza kuandika jina lake ndani ya beldia ya mlima mzima. Ndiyo maana nasema mbegu ya asili haina mtunzaji mmoja. Mtu aweza kufunika majike yake kwa kitambaa, au kulima bonde la mbali, lakini pasipo mapatano na kijiji atashindwa.

Nje ya shamba, ghala la mbegu nalo ni msaada mkubwa, na mwenye kulidharau amwangalie Nikolai Vavilov, mtaalamu wa Urusi aliyepita Afghanistan mwaka 1924 akikusanya mbegu za mazao, na bangi ya huko pia akaieleza. Yeye alifia gerezani Saratov mwaka 1943, na Leningrad ilipozingirwa, baadhi ya wenzake walikufa njaa huku wakilinda mkusanyiko wake wa mbegu ambazo wangeweza kuzila. Siwezi kulitaja jambo hilo bila heshima. Hata hivyo mbegu iliyogandishwa ghalani imesimama pale ilipoachwa. Ya shambani inaendelea kujifunza ukame wa mwaka huu, na mwaka huu si kama ule wa 1924.

Moroko ilipitisha Sheria namba 13-21 mwaka 2021, ikiruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda, na Agosti 2024 Mfalme Mohammed VI akawasamehe zaidi ya wakulima 4,800 waliokuwa wameshtakiwa, waliohukumiwa au waliokuwa wakisakwa. Mwaka huohuo beldia nayo ikaanza kulimwa kwa leseni. Nafurahi, lakini leseni hulipa ua na utomvu. Ningependa kuona vyama vya ushirika vya Rif vikitenga mabonde ambamo chotara haipandwi, na vikimlipa kwa mbegu zake mkulima anayeyaacha madume yake yasimame, kwa bei inayolingana na mavuno anayoyapoteza.