Miunganisho 80 ya DHIS2

Takwimu za kila mwezi za zahanati za Kenya na Tanzania huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Programu yenyewe imeandikwa kwa Java, lakini takwimu hukaa kwenye seva ya hifadhidata ya PostgreSQL, na njia kati ya hizo mbili ndiyo inayostahili kuchunguzwa mfumo unapogoma.

Mwanzo wa njia hiyo ni mistari michache katika faili la dhis.conf: dereva, anwani, jina la mtumiaji, nenosiri. Faili hilo lisomwe na mmiliki wake tu.

Kisha programu hubisha hodi kwenye poti 5432. Ikitaka mazungumzo yasimbwe, huuliza kwanza, na seva hujibu kwa herufi moja: S ni ndiyo, N ni hapana. Programu ikishajitambulisha, seva hupitia pg_hba.conf, faili la kanuni za nani aingie, kutoka juu kwenda chini. Kanuni ya kwanza inayomhusu mgeni ndiyo hukumu. Zilizo chini hazisomwi, hata kama zingemruhusu. Ndiyo maana fundi anaweza kubadilisha nenosiri mara kadhaa bila kufika popote, kumbe kosa ni mpangilio wa mistari. Kanuni hiyo ikidai nenosiri kwa njia ya SCRAM-SHA-256, iliyokuja na toleo la 10 la PostgreSQL mwaka 2017, nenosiri lenyewe halisafiri kabisa; programu huthibitisha kwa hesabu kwamba inalijua.

Yote hayo ni kwa muunganisho mmoja, na PostgreSQL huuanzishia kila muunganisho mchakato wake wenye kumbukumbu yake. Kuufungua na kuufunga kwa kila ombi ni ufujaji. DHIS2 hufanya vyema zaidi: huweka akiba ya miunganisho iliyo wazi, ombi likachukua mmoja, likautumia na kuurudisha. Kikomo cha akiba hiyo, kisipobadilishwa, ni 80.

Hapo ndipo hesabu hukosewa. PostgreSQL kwa kawaida hukubali miunganisho 100, na 3 kati yake ni ya msimamizi. DHIS2 moja inatosha. Ikiongezwa ya pili ya mafunzo kwenye seva ileile, zote zikielemewa zitadai 160, na seva itaanza kukataa wateja. Mwongozo wa DHIS2 hupendekeza kikomo cha seva kiwe 200, mradi kumbukumbu ya mashine inatosha. Isipotosha, akiba ya mfumo wa mafunzo ndiyo ipunguzwe kwanza, kwa sababu ripoti za zahanati haziwezi kusubiri.