Tumbo la Njia Nyeupe, utosini Ukambani

Jamani, zimeni tochi! Fikeni mwamba wa Nzambani, Kitui, jioni ya Septemba isiyo na mbalamwezi, kabla mawingu ya vuli hayajaingia. Saa moja na nusu usiku inueni shingo. Kusini kidogo ya utosi, baina ya makundinyota ya Nge na Mshale, Njia Nyeupe imevimba. Imevimba kweli! Hilo ndilo tumbo la galaksi yetu, miaka-nuru kama 26,000 kutoka hapa. Walioko London hulipata chini kabisa, limegusana na mapaa ya nyumba. Sisi tumewekewa juu ya kichwa, na kiingilio ni bure.

Kwa darubini ya macho mawili tafuta M22, fungu la nyota lililo miaka-nuru kama 10,000: kidonge cha ukungu chenye malaki ya nyota kongwe. Mimi hapo nilinasa.

Kinara wa onyesho, ole wetu, haonekani. Terzan 5, fungu jingine, imezama vumbini, ndani ya tumbo lenyewe. Francesco Ferraro wa Chuo Kikuu cha Bologna na wenzake waliichungulia kwa darubini kubwa, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba nyota zake ni za rika mbili: miaka bilioni 12 na bilioni 4.5! Mafungu ya kawaida huzaa kwa mkupuo mmoja. Maelezo yao yamenipagawisha: galaksi ilipokuwa changa, gesi ilijikusanya mabonge makubwa mno, mvutano ukayapunguza mwendo, yakazama katikati, yakavunjika na kuchanganyika, tumbo likatuna. Terzan 5 ni bonge la unga lililokataa kulainika kwenye ugali. Mwaka 2021 likatajwa la pili, Liller 1.

Haya, si tumbo lote lilipikwa hivyo. Sehemu kubwa ina umbo la karanga, kazi ya mwambaa wa nyota uliojikunja. Sijali, nayataka mabonge.

Na katika kisa cha mafungu ya nyota Kenya imo! Setilaiti Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi Desemba 12, 1970, ilisaidia kufichua kwamba baadhi ya mafungu haya hutoa eksirei.

Mko Makueni? Pandeni vilima vya Chyulu, mbali na taa za malori ya barabara ya Mombasa. Septemba ikiwapita, njooni Mei, saa nne na nusu usiku: Omega Centauri, fungu lenye nyota kama milioni 10, pengine kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu, itakuwa imesimama kusini.