UHAKIKI: "Nyumba ya Mswahili" Lamu ni Nyumba ya Nani?

Likizo ya Desemba na msimu wa Maulidi huleta wageni wengi katika mji wa Lamu. Miongoni mwa sehemu wanazotembezwa ni nyumba ya kale ya karne ya 18 inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ijulikanayo kama Nyumba ya Mswahili. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda hatuna budi kuihakiki nyumba hiyo kama tunavyohakiki matini yoyote. Je, inasema nini, na inamnyamazia nani?

Tuanze na ubora wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, kiasi cha mita 3 hivi, na kwa hiyo vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mgeni huingilia daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe, kisha hufika kiwanda. Mwanafunzi aliyezoea kiwanda cha sukari asishangae: hapa kiwanda ni uwanja ulio wazi katikati ya nyumba. Baada ya hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani, chumba cha faragha. Kadiri unavyoendelea ndivyo heshima na sitara zinavyozidi. Ukutani mna zidaka, vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa.

Kwa mwalimu wa lugha, majina hayo peke yake ni somo kamili la lahaja. Katika Kiamu, ch ya Kiswahili sanifu mara nyingi huwa t, ndipo tukapata tini kwa chini. Sauti j huwa y, ndipo tukapata yuu kwa juu. Kiambishi vi- huwa zi-, ndipo vidaka vikawa zidaka. Mwanafunzi aliyesoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inayosikitikia majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, atakutana humu na vyumba vile vile vilivyomtatiza darasani. Msamiati alioukariri atauona kwa macho.

Hata hivyo, nyumba hii ina dosari kubwa, na dosari hiyo imo katika jina lake. Mswahili yupi huyo? Nyumba ya mawe ilikuwa ya waungwana, hasa wafanyabiashara wenye mali. Wakazi wengi wa pwani waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti. Watafiti wa nyumba za Lamu, akiwemo Linda Donley-Reid, wameonyesha kuwa sehemu ya chini ya majumba ya ghorofa ilikuwa ya bidhaa na watumwa. Kwa hiyo "juu" na "chini" hayakuwa maneno ya ujenzi tu. Yalikuwa pia maneno ya hadhi.

Watetezi watasema kwamba udongo na makuti havidumu, bali jiwe hudumu. Hilo ni kweli, na hakuna anayeweza kuionyesha nyumba iliyokwisha kuoza. Lakini jengo kutodumu si sababu ya mtu kufutwa katika maelezo. Nakshi za zidaka zinapendeza. Ni vyema kuuliza pia nani alichoma chokaa, nani alibeba mawe na nani alifagia kiwanda kila asubuhi.

Swali hili linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Tunafundisha kwamba uungwana ni adabu njema na upole. Ni sahihi, lakini mwungwana kwa asili ni mtu huru, asiye mtumwa. Neno hilo lilihitaji kinyume chake, na kinyume hicho kililala chini ya dari hizo hizo. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini neno limebaki nasi, likiwa limesafishwa kama kuta za nyumba hii. Tukifundisha "utamaduni wa Mswahili" kwa picha ya ndani na zidaka peke yake, tunawapa wanafunzi utamaduni wa tabaka moja na kuuita wa watu wote.

Kwa hiyo ushauri wetu si kuiacha nyumba hii. Mwanafunzi akipata nafasi, aende. Aingie na daftari lenye safu mbili: katika ya kwanza aandike jina la kila chumba kwa Kiamu na kwa Kiswahili sanifu, katika ya pili aandike nani alikaa humo na nani alifanya kazi humo. Pale safu ya pili itakapobaki tupu, amuulize mwenyeji wake, na swali hilo alirudishe darasani.