Kuisafiri Njia Kabla ya Gari

“Unapitia Kitonga au Dodoma?” Hilo ndilo swali la kwanza la fundi mzuri ukimpelekea gari na kumwambia unakwenda Mbeya. Boneti bado haijafunguliwa. Anataka kuijua njia kwanza, maana gari la kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, huandaliwa kwa ajili ya milima, joto, ukungu na mizigo ya barabara ile ile. Ufundi huu nauheshimu kuliko ule wa kufufua injini iliyokufa, ingawa huo ndio unaosifiwa vijiweni. Anayefufua injini ameshaonyeshwa ubovu ulipo. Anayeandaa gari inambidi aione njia nzima akiwa amechuchumaa kwenye gereji ya Gerezani, mkono mmoja umeshika tochi.

Itazame njia yenyewe. Unaanzia usawa wa bahari, unapita Chalinze, Morogoro na hifadhi ya Mikumi, kisha unaingia bonde la mibuyu na vitunguu la Ruaha Mbuyuni, penye joto kali. Baada ya hapo ndipo mlima wa Kitonga unapoanza, kona juu ya kona, nawe uko nyuma ya malori yanayotambaa kwa gia nzito. Injini inatoa nguvu nyingi huku gari likienda polepole, na upepo wa kuipoza ni haba. Fundi aliyeipanda Kitonga kichwani huchungulia rejeta kama imezibwa na vumbi na wadudu, huibonyeza mipira ya maji kama imelegea, hungoja aone feni inawaka saa ngapi. Kisha hufungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa, akaikagua raba yake. Wengi hawakijali kifuniko hicho. Ndicho kinachotunza presha, na presha ndiyo inayoyawezesha maji kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Raba ikichoka, ulinzi huo haupo tena, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema: katika mji wa Iringa, mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Kitonga ya kurudi ni mlima mwingine kabisa. Sasa unashuka, na mzigo wote uko juu ya breki. Hapa fundi wa kubahatisha hutazama pedi, akiona bado nene anaridhika. Fundi ninayemsifu mimi huuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, nasi wa pwani tunaishi katika unyevu mwaka mzima. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230; yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. Breki zikikanyagwa mfululizo mteremkoni hupata moto, mafuta yaliyozeeka huchemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Fundi humwaga mafuta ya zamani, hutia mapya, hutoa upepo gurudumu baada ya gurudumu, msaidizi akikanyaga na kushikilia. Kisha humkumbusha dereva ashuke kwa gia ya chini. Kila nikiitazama kazi hii huwaza watoto watakaolala kiti cha nyuma siku hiyo, ambao fundi huyu huenda asiwaone kamwe, naye anawalinda.

Tairi nazo husomwa. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na huku limekauka, lina nyufa kandokando, hasa haya ya mtumba. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva, na la akiba lisisahauliwe. Tena fundi aone gari litarudi na nini. Anayetoka Mbeya harudi mikono mitupu. Kuna mchele wa Kyela, viazi, ndizi, na shokapu za nyuma zitabeba vyote hivyo. Taa na waipa hazihitaji maneno mengi, ila aliyekutana na ukungu wa Mafinga alfajiri anajua kwa nini zimo.

Lipo jambo linaloniumiza. Mteja hutoa pesa bila kinyongo kwa fundi aliyembadilishia kitu kilichovunjika, lakini aliyekagua asubuhi nzima na kukuta kila kitu kizima huambiwa, “Sasa umefanya nini, fundi?” Amefanya kazi ngumu kuliko zote. Alipwe yote, tena kwa shukrani.

Matengenezo makubwa hufanywa wiki moja kabla ya safari, ili kilicholegea kijionyeshe mjini. Nati za tairi hukazwa kwa spana ya mkono, ile ile itakayokuwa kwenye buti, na dereva mwenyewe azilegeze na kuzikaza mbele ya fundi. Akifika Chalinze, kama kilomita 100 kutoka Dar, asimame azikaze tena, ndipo aelekee Morogoro.