Usitazame Rangi, Tazama Mwanya

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye onyesho moja la magari ya zamani, nikawasikia watu wakilisifu MGB jekundu, la wazi, la mwaka 1967. "Linang'aa kama kioo!" Ndiyo, lilikuwa linang'aa. Hata sufuria hung'aa. Likapewa kikombe, nami nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Rangi ndiyo ya mwisho kuangaliwa, kwa sababu rangi hununuliwa. Kiwanda cha Abingdon, MGB lilikozaliwa, hadi kilipofungwa mwaka 1980, hakikutoa gari lenye mng'aro wa namna ile, na gari linalong'aa kuliko siku lilipozaliwa lina jambo linaficha.

Kinachotazamwa ni mwanya wa mlango. Wageni wa kazi hii hupita hapo bila hata kugeuza shingo. MGB halina fremu; bodi ndiyo fremu. Likiwa la wazi, hata paa la kulishikilia halina, basi nguvu yote imo katika masanduku mawili ya bati yapitayo chini ya milango, tabaka ndani ya tabaka. Humo ndimo maji hutuama na chumvi huingia: Uingereza ni ile inayomwagwa barabarani majira ya baridi, Mombasa ni ya bahari. Kutu huanzia ndani. Ukiiona nje, ujue imeshakula ikashiba.

Sasa fundi mwenye haraka hung'oa milango, akakata bati bovu huku gari limeegemezwa mbele na nyuma tu. Katikati panabonyea, milimita chache, jicho halioni. Akichomelea bati jipya, amelifunga gari likiwa limepinda, na litabaki hivyo. Mlango ukirudishwa, mwanya juu umebana, chini umeachama. Hapo ndipo puti hutolewa. Nimemwona mmoja akiziba mwanya wote kwa puti, akaiacha ikauke, kisha akachonga mwanya mpya kwa msumeno wa chuma, umenyooka kama rula! Akapiga rangi. Mteja nusura alie kwa furaha.

Mzee aliyenifunza kazi kule Changamwe hakugusa bati kabla ya kuchomelea nondo kukatiza uwazi wa mlango, bodi isicheze. Kila akichomelea kidogo, aliurudisha mlango, akaufunga, akapitisha kwenye mwanya sarafu mbili alizozigandisha kwa gundi. Zikikwama, alikata akaanza upya. Siku moja nilimwuliza, mteja atajuaje? Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama.

Wengine huja na sumaku kutafuta puti. Sawa, ila niliwahi kumwona bwana mmoja akiibandika sumaku kwenye Aston Martin DB5, ikaanguka, akajaribu tena, ikaanguka, akaondoka akinong'ona kwamba gari zima ni puti. Bodi ya DB5 ni alumini.

Mengine kwa ufupi. Rimu za spoku zipakwe rangi ya fedha. Za kromu ni za bwana harusi. Ngozi ya viti iwe na mikunjo. Bampa nyeusi za mpira, zilizokuja mwaka 1974 kwa ajili ya sheria za Marekani, na gari lenyewe likainuliwa juu kama linavuka mto, sizijadili. Kabureta mbili za SU zisawazishwe kwa sikio: mpira mwembamba, ncha moja kwenye kabureta, nyingine sikioni, unasikiliza mvumo wa hewa hadi pande zote mbili zivume sawa. Mzee alipoinamia kabureta gereji nzima ilinyamaza, na kijana mmoja alitumwa kuzima redio. Siku hizi redio haizimwi.

Ukitaka kununua, omba ruhusa ya jambo moja tu. Weka jeki mahali pake chini ya mlango, inua upande mmoja, kisha fungua mlango na uufunge. Gari lenye afya halitajali. Likiwa bovu, mwanya utahama mbele ya macho yako, au jeki itazama ndani ya bati.

Mwenye lile jekundu, watu walipotawanyika, aliniruhusu kujaribu. Mlango wa kulia haukufunguka.